Nati Iliyo Chini ya Meza

Mashine yetu pale karakanani Nakuru ni moja lakini kazi zake ni nyingi: inapasua, inapiga randa, inapunguza unene wa mbao. Ukitoka kwa randa kwenda kwa unene, lazima uinue meza ya chuma iliyo juu. Kuna springi ya kuisaidia kupanda, na nati ya kuikaza hiyo springi. Nati ikilegea, hiyo meza ni yako na mgongo wako.

Mzee, mwenye karakana, hakuwahi kuniambia mgongo unamuuma. Niliona tu. Kila ikifika saa ya kuinua meza alikumbuka kitu nje. Siku moja alijaribu mbele ya mteja, meza ikapanda kidogo ikarudi, naye akabaki ameinama akijifanya anatafuta penseli. Penseli ilikuwa sikioni.

Mimi huruma haikawii kunishika. Kesho yake niliwahi na spana, nikakaza nati mizunguko mitatu. Mzee aliposhika meza, ilipanda kama kifuniko cha sufuria ya githeri. Akaangalia mikono yake.

"Ni hii bitiruti," akasema.

Kumbe asubuhi hiyo mkewe alikuwa amemwanzishia juisi ya bitiruti. Kufikia Jumatano jirani yetu, yule wa kuchomelea mageti, alikuwa na meno mekundu na amekumbatia geti ambalo halisongi.

"Mzee, mbona mimi bado?"

"Wewe unaweka sukari."

Ningenyamaza maisha yangu yote. Lakini Ijumaa mzee alitangaza kwamba wiki ijayo anaenda Dundori kwa shemeji yake, ambaye humcheka mbele ya watu akimwita babu, na huko atabeba gunia zima la viazi kwa bega mpaka kwa lori. Nikauona ule mgongo ukikatika katikati ya shamba.

Kumwambia ukweli nilishindwa. Nikaamua nguvu zimtoke pole pole, kwa heshima. Kuanzia Jumatatu, kila asubuhi nililegeza nati nusu mzunguko. Jumanne mzee alikumbuka tena kitu nje. Jumatano akaongeza bitiruti ikawa jagi. Alhamisi akaniita, tukakaa juu ya rundo la mbao.

"Msichana wangu, kuna kitu kinanimaliza. Wiki jana nilikuwa ng'ombe dume. Leo meza imekuwa mlima. Daktari anasema sina ugonjwa, na mimi najua hivyo ndivyo wanasema ikiwa mbaya."

Akanipa kipande cha ubao. Alikuwa ameandika kwa penseli nani atarithi nini. Misumeno, mkewe auze. Geti bovu alilotuchomelea jirani, arudishiwe. Mashine, mimi.

Nikalia. Alipoona nalia akatingisha kichwa, akaniambia kumbe hata mimi nimeona anaisha.

"Mzee, ni nati."

Nikamweleza yote. Alipiga magoti, akachungulia chini ya meza muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi baada ya ile penseli."

Hapo ndipo jirani aliingia kuazima futi ya kupimia, midomo bado myekundu. "Mzee, Dundori bado unaenda?"

"Nitaenda," mzee akajibu kutoka chini. "Kula tu. Viazi vina wenyewe." Kisha akaninyooshea mkono. "Spana."

Akakaza mwenyewe, akihesabu kwa sauti ndogo. Akainuka kwa awamu tatu, akapangusa magoti, akashika meza kwa vidole viwili. Ikapanda.

Jirani aliitazama sana. "Basi leo naacha sukari," akasema, akaenda na futi yetu.

Mzee alichukua kile kipande cha ubao mkononi mwangu, akawasha mashine, akakipitisha chini ya meza. Kilitokea upande wa pili cheupe, hakina neno. Maandishi yote yalikuwa yamebaki kwenye maranda sakafuni, na mimi ndiye wa kufagia.