Mdogo Wangu Alivyodekezwa

Maneno ya kudekeza nilifundishwa na jirani yetu, mke wa askari, mwenyeji wa Lamu. Nyumbani sisi tulisema Kisomali. Yeye alisimama uani kwetu Garissa, mikono kiunoni, akamtazama mdogo wangu kapakatwa na mama kama mtoto mchanga, na miaka sita anayo. "Lo! Mnamdekeza huyu! Mnamwendekeza, mnamwengaenga, mwisho atawapanda kichwani!" Nikayashika yote. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwahi kutendewa hata moja.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, mama alizidi. Maziwa ya ngamia yakiletwa asubuhi, povu lote la mdogo wangu. Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama, kwa mapenzi tu. Basi mwenzangu alikuwa hooyo kutwa kucha. Mimi nilikuwa wewe. Wewe, lete maji. Wewe, funga mbuzi. Wallahi, nilimwonea wivu. Nilitaka siku moja tu na mimi nilalie paja lile, nipakwe mafuta ya nywele, nideke mpaka nichoke.

Nikamwuliza mama waziwazi, mbona yeye tu?

"Mwache ashibe," akasema.

Ashibe nini tena, na povu kalimaliza?

Kisha akaja mdogo wake mama kutoka Bute, mbali kaskazini. Aliolewa zamani, mtoto hakujaliwa. Kwetu dada humpa dada mtoto amlee, na wao wawili walishapatana kitambo. Sisi watoto ndio hatukuambiwa. Mdogo wangu akavishwa dera jipya, akapakiwa kwenye lori la bidhaa kando ya mama yake mpya. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mama alisimama barabarani, shela mdomoni, mpaka vumbi likatulia.

Mimi nikasema moyoni, haya, sasa zamu yangu.

Jioni nikaenda nikajilaza pajani pa mama bila kuitwa. Hakunifukuza. Akanipapasa nywele taratibu, kama nilivyotamani siku zote, na machozi yake yakanidondokea shavuni. Nikabaki pale pale, nikiyaonea wivu hata hayo machozi. Ningepelekwa mimi Bute, asingelia vile.