Paa la Bibi Rusana

Bibi Rusana alijiponza kwa mkate na chumvi. Wale wa ofisi ya urithi wa majengo ya kale walipokuja kutoka mji mkuu, Sofia, kuitazama nyumba yake, aliwapokea langoni na mkate wa moto, akachinja na kuku, na supu haijapoa alikuwa ameshatia saini nyumba ilindwe. Sisi watu wa milimani huku Bulgaria hatujui kumkatalia mtu anayetafuna mkate wetu. Ujinga mtupu! Wakagongomea kibao cha shaba ukutani: nyumba ya kihistoria. Mjane wa watu akawa anakisugua kila Jumamosi, anaringa mtaa mzima.

Mimi Minko, jirani yake, ni fundi wa mapaa. Mawe bapa ya paa lake yalipoanza kuporomoka, nikamwambia nitampigia bati.

"Hairuhusiwi," akasema. "Lazima mawe yaleyale, tena kwa kibali."

Akaomba kibali. Akaomba tena. Miaka sita! Kila barua ilijibu kwamba faili linashughulikiwa. Maji yakawa yanapenya dari aliyoichonga baba mkwe wake, yanamdondokea kitandani.

"Minko, nyumba yangu wanaipenda kweli kweli. Mimi je, wananionaje? Panya?"

"Heri ungekuwa panya, bibi. Panya haombi kibali."

Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile hakikumwacha tena.

"Nataka kitu kimoja tu," akaniambia. "Nifie kitandani kwangu, pakavu. Nimeomba makubwa?"

Oktoba nikapanda juu na mabati yangu, sikumwuliza mtu. Wiki mbili akalala pakavu, akanenepa hata uso. Kisha ikaja barua: mabati yatolewe ndani ya siku saba, la sivyo atatolewa yeye.

"Yatoe, Minko."

"Siyatoi ng'o! Waje wenyewe wapande!"

"Mwanangu, wakinitoa humu nitafia kwa watu. Yatoe."

Nikayatoa, kwa mikono yangu hii. Sijajisamehe mpaka leo, wala usiniambie nijisamehe. Theluji ikaanguka wiki ileile. Januari nilimkuta amekufa kitandani, chini ya mwavuli alioufunga kwa kamba kwenye kichwa cha kitanda. Blanketi lilikuwa limelowa.

Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha na jina lake hubandikwa langoni kwake, ikakaa hapo mpaka jua liifute. Nikaibandika. Siku ya tatu nikamkuta bwana mmoja wa ofisi ile anaibandua kwa kisu.

"We! Unafanya nini?"

"Samahani, mzee. Gundi inaharibu mbao za kale. Lango hili linalindwa."

"Huyo unayemkwangua ndiye mwenye lango!"

"Naelewa, mzee. Lakini sheria ni sheria." Hakuwa hata na ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Akanipa kipande kilichobaki, nusu ya uso. "Kabandike kwenye nguzo ya umeme pale."

Nilimtukana mpaka sauti ikanikauka. Kisha nikaenda nikabandika kwenye nguzo, ningefanyaje?

Aprili wakaja kunigongea mlango. Kibali kimetoka, mawe yameshafika kwa lori, wanatafuta fundi anayelijua lile paa. Hapa mjini tumebaki wawili, na mwenzangu haoni. Nikapanda. Ilikuwa kazi ya siku nne tu.