Nilimpandisha Uzito, Pointi Zikabaki

Kishindo nilikisikia nikiwa bado nje ya ukumbi. Puu! Mgongo wa mtu umegonga mkeka. Nikajua ni Minza, anawarusha wenzake kwa furaha ya mtu asiyejua. Ndugu msomaji, binti huyo nimemharibia mimi, kocha wake, hapa hapa Bariadi!

Minza alicheza judo uzito wa kilo arobaini na nane. Mashindano mawili ya Afrika yalimpa pointi, jina lake likaingia orodha ya dunia, akawa anakaribia nafasi za Olimpiki za bara letu. Lakini kubaki kilo hizo ni kushinda na njaa. Mama yake akanijia kutoka kijijini Zagayu, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, kocha. Mwanangu amebaki mifupa! Majirani wanasema nalima pamba tupu, mahindi nimesahau."

Nikacheka. Nikampandisha hadi hamsini na mbili.

"Na pointi zangu, kocha?" Minza akauliza.

"Zinakufuata. Pointi ni za mtu."

Mungu wangu! Sikuwa najua. Ningepiga simu chama cha judo, lakini niliogopa wale wa Dar wasije wakanicheka: kocha wa Bariadi hajui hata hilo!

Akala, akanawiri, akashinda pambano moja ugenini. Orodha mpya ilipotoka nikaona jina lake mahali pawili. Kumbe kila uzito una hesabu yake, pointi hazihami! Za zamani zimebaki kule kwenye arobaini na nane, na zikipita mwaka zinakatwa nusu. Huku juu ana kiduchu tu. Na muda wa kufuzu unayoyoma.

Nikamficha jambo hilo. Nikiketi nasimama, nikisimama natembea. Jana, baada ya kile kishindo, nikaingia nikamwambia.

"Ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

"Si ungesema tu, kocha? Ningeuliza mwenyewe."

"Tushuke tena arobaini na nane, Minza. Tukimbizane na muda."

"Nishinde njaa tena, kwa pointi nusu?"

Nilitamani anitukane! Hakunitukana.

Enyi makocha wenzangu, na nyie wazazi na walimu: semeni hamjui. Semeni mapema, hata wakicheka. Aibu niliyoikimbia mimi, ameilipa mtoto wa mtu.

Minza alivua mkanda, akaukunja taratibu, akaniwekea mkononi.

"Baki salama, kocha."

Akatoka. Mlango akaufunga mwenyewe, polepole, kama anayemwachia mgonjwa alale.