Siku Binti Yangu Alipofungwa Mtini Mlima Homa

Mwanamke aliyemfunga binti yangu kwenye mti bado yuko hai. Nikimwona sokoni Homa Bay huwa navuka upande wa pili wa barabara. Watu husema miaka ya sitini ni zamani. Kwangu si zamani.

Wakati huo mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kendu Bay. Mimi natoka Ntimaru, Mkuria niliyeolewa Ujaluoni, na nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyoanza nayo kupendana. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Mume wangu alikuwa na rafiki aliyesoma naye, karani wa serikali, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Huyo karani aliwahi kufanya kazi chini ya Mzungu aliyependa kupanda milima kila mwisho wa juma. Mzungu alipoondoka baada ya Uhuru, karani alirithi kiti chake na mchezo wake pia. Akaamua kwamba sisi wanne, yeye na mkewe, mimi na mume wangu, twende tukapumzike Mlima Homa na kulala huko siku moja, kama watu walioendelea.

"Mtoto mtamwacha na nani?" mkewe akaniuliza.

"Nitaenda naye."

"Sisi wetu tumewaachia nyanya yao."

"Nyanya yake yuko Ntimaru, dada. Na mama wa mume wangu alishafariki."

Alimtazama mumewe kama mtu aliyeona nzi kwenye uji.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi na gari la karani, tukaliacha chini ya mlima kwa shangazi wa mbali wa mume wangu. Huko ndiko tungelala. Shangazi aliposikia tunapanda juu na kurudi, aliuliza, "Kuna ng'ombe wenu aliyepotelea huko?" Mimi nilicheka. Wengine hawakucheka.

Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa ya mawe. Binti yangu alitembea kidogo, akachoka, nikambeba mgongoni. Mara anataka maji, mara anataka kukojoa, mara ameona kijiwe kizuri na lazima ashuke akiokote. Kila tuliposimama, mke wa karani alifyonya. Mwishowe alimwambia mumewe kwa Kijaluo, "Nyathini chandowa," mtoto huyu anatusumbua. Akaongeza kwamba wanawake wa kwetu hung'ang'ania watoto kwa sababu hawana kingine cha kujivunia. Alidhani sielewi. Miaka minne nimechota maji na wanawake wa Kendu Bay, ningekosaje kuelewa? Mume wangu pia alisikia. Aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Tulipofika katikati ya mlima maji yalikuwa yamekwisha. Wanaume walikuwa wametangulia kidogo kutafuta njia. Mtoto alikuwa amelala kivulini juu ya leso yangu. Chini kidogo, bondeni, kulikuwa na kijito.

"Nenda uchote, dada," mke wa karani akasema, safari hii kwa sauti tamu. "Mimi nitamwangalia."

Nilikwenda. Kijito kilikuwa mbali kuliko nilivyodhani, na kurudi ilikuwa kupanda. Nilimsikia mtoto kabla sijamwona. Hakikuwa kilio cha kuamka na kumkosa mama. Kilikuwa kilio cha maumivu. Nilitupa galoni nikakimbia.

Alikuwa amefungwa kiunoni kwa leso yangu mwenyewe, na ncha mbili za leso zimezungushwa kwenye shina la mti na kukazwa mafundo mawili. Mkononi alikuwa na biskuti. Chembechembe zake zilikuwa zimedondoka chini, na siafu walikuwa wamezifuata. Walikuwa miguuni, mapajani, ndani ya nguo. Mwanamke hakuwepo. Nilishindwa kufungua mafundo kwa vidole, nikayafungua kwa meno. Nilimvua nguo zote, nikawatoa siafu mmoja mmoja, na wengine walikatika vichwa vikabaki vimeng'ata ngozi.

Kisha nikapanda na mtoto uchi kifuani. Niliwakuta juu kidogo, wamekaa kwenye mwamba wanatazama ziwa, wanakula mayai.

Mume wangu alisimama. "Nimeambiwa umesema tutangulie, wewe utabaki naye."

"Nani amekwambia?"

Mke wa karani alipangusa mdomo. "Nilimfunga ili asitumbukie bondeni. Ningerudi sasa hivi. Kwani amekufa?"

Nilimjibu kwa Kijaluo, mara ya kwanza mbele yake. "Awinjo duto," nilisema. Nasikia yote. Nikamrudishia neno kwa neno yale aliyoyasema njiani kuhusu wanawake wa kwetu. Karani akacheka cheko la aibu. Na mume wangu, baba wa mtoto niliyemshika, akanishika kiwiko akanong'ona, "Tafadhali, usilete maneno mbele ya watu."

Nilimtazama. Niligeuka nikashuka, na hakunifuata.

Shangazi alimwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu, akampaka samli, akitukana kwa sauti wote waliokuwa mlimani. Hakuna dawa iliyonisaidia kama matusi yale. Alinisindikiza mpaka barabarani, na lori la pamba likatuchukua hadi Kendu Bay.

Mume wangu alirudi Jumapili. Alisema nimemwaibisha. Katikati ya juma mke wa karani alikuja na kilo mbili za sukari.

"Kama nilikosea, nisamehe," akasema.

"Kama?"

Hakuliondoa neno hilo. Nilirudisha sukari kikapuni mwake, nikafungua mlango. Hakuingia tena nyumbani kwangu. Mume wangu aliendelea kuwatembelea, peke yake, na mimi sikumuuliza kamwe walikuwa na hali gani.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa amestaafu na magoti yanamsumbua, tulikuwa tunachambua maharagwe. Akasema ghafla, bila kuniangalia, "Siku ile mlimani ilifaa nishuke na wewe."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ilifaa."

Alingoja niongeze neno. Nilivuta ungo karibu. Tuliendelea kuchambua hadi maharagwe yakaisha ungoni.