Benchi la Mbele, Mvouni

Mimi sikusoma. Nilitoka chuo cha Kurani moja kwa moja nikaingia kubeba robota za vitambaa vya watu pale Moroni, mpaka nikawa na robota zangu, na duka juu yake. Nikafunga ndoa kubwa, mji mzima ukala ukashiba. Kwetu, mwenye ndoa kubwa akiingia mahali, benchi la mbele ni lake.

Miaka ile mamluki wa Kizungu walipoishika nchi yetu, binti wa dada yangu aliishi Mutsamudu, kisiwa kingine, kwenye vichochoro vya mawe chini ya ngome. Alitaka kuingia shule ya ualimu ya Mvouni, juu ya Moroni. Visiwani hatukuwa na masomo ya juu zaidi ya hayo. Zamani mzazi alipanda huko, akamsalimu mkuu, wakazungumza, mtoto akapata nafasi. Lakini waombaji waliongezeka hadi mkuu akakosa pa kujificha. Mwaka ule akatangaza: mtihani mmoja, asubuhi moja, kwa wote.

Nilivuka bahari mwenyewe kwenda kumchukua mpwa wangu. Siku ya mtihani Mvouni ilikuwa imelala ndani ya ukungu, mlangilangi ukinukia bila kuonekana. Gari la mamluki lilipita, mazungumzo yakakatika. Likayeyuka kwenye weupe, yakaendelea.

Nikaingia darasani na joho langu, nikaketi mbele. Wazee wengine waliowaleta watoto wao waliponiona nao wakaingia, kila mmoja kwa cheo chake. Waombaji wakasukumwa hadi ukutani, wamesimama, kalamu mkononi.

"Wazee wangu, naomba..." alianza msimamizi, kijana wa Moroni.

"Omba, mwanangu," akasema mzee wa nyuma yangu. "Ukimaliza, tuletee kahawa."

Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka. Alisema adhuhuri ikiadhiniwa kabla ya kuanza, mtihani umefutwa kwa wote. Lakini kumwinua mwenye ndoa kubwa, nani angethubutu?

Mpwa wangu akaniinamia sikioni. "Mjomba, usipotoka wewe, hatoki mtu. Nani atakutangulia?"

Nikainuka. Sikuharakisha, mtu kama mimi hutembea kama kitambaa kizuri kinavyokunjuliwa. Nilitoka hadi uani, nikachagua jiwe, nikaketi. Kisha akatoka anayenifuata kwa cheo, akaketi nyuma yangu. Kisha mwingine, na mwingine, hadi darasa likabaki na vijana peke yao. Tukakaa safu kwa safu, tukiuelekea ukungu, kana kwamba kuna mtu humo atakayetuhutubia.

Dirishani nilimwona mpwa wangu. Alikuwa ameketi kwenye benchi langu, ameinama, anaandika. Hakuinua kichwa hata mara moja. Ukungu ukawa unaingia kwa dirisha na kutoka, na mimi nikawa sijui ninasinzia au ninaangalia.

Waliosoma husema shule ndiyo iliyobuni utaratibu ule wa wazee kungojea uani. Waseme. Mwaka uliofuata waombaji walizidi tena, na mkuu alikuja mwenyewe dukani kwangu, akaniomba nipande Mvouni nikaketi uani kabla ya mzazi yeyote. Nilikwenda. Aliyenitandikia mkeka alikuwa mpwa wangu, mwanafunzi wa humo.