Asubuhi Sumaiya Alipokosekana

Ummkulthum alikulia Michenzani, binti wa fundi cherehani, na hakuna aliyedhani kuwa iko siku atalala gofuni. Aliolewa bado mbichi. Mumewe alikuwa akibwia unga kwa siri, naye akauonja ili ajue ni kitu gani hicho kinachopendwa kuliko yeye. Ukamnasa. Mume akenda zake bara, yeye akabaki na unga. Aliuza cherehani ya babaake, akauza dhahabu za dadaake, mwisho mlango wa kwao ukafungwa. Akahamia kwenye nyumba iliyobomoka upande wa Malindi, ambako mateja hulala juu ya maboksi. Huko ndiko alikokutana na Sumaiya, mdogo wake kwa umri, wakawa wanajifunika kanga moja.

Aliyemtoa ni Machano. Naye alikuwa wa gofuni, kisha akapotea, wakadhani ameshakufa. Siku moja akatokea amevaa shati lililopigwa pasi, mashavu yamejaa. Hakuhubiri. Aliketi boksini pembeni yake.

"Arosto inatisha, Kulthum," alimwambia. Alikuwa akisema yale maumivu ya kuukosa unga, mwili unapotetemeka na mifupa kuwaka. "Lakini ina mwisho. Mimi nshapita hapo. Ntakaa na wewe."

Akakaa naye. Ummkulthum aliacha, akaanguka, akaacha tena. Aliposimama sawasawa, aliona kuwa nyumba za kuachia unga alizozijua yeye zote zilijaa wanaume. Mwanamke akiharibikiwa hufichwa kwao, au hufukuzwa. Basi akaomba nyumba tupu aliyoiacha marehemu shangazi yake kule Jambiani, akaifagia, akawakaribisha wanawake wenzake. Maji yakipwa huenda wote kuvuna mwani. Jioni hukaa mkekani wakaambiana ukweli, na ukweli wenyewe mara nyingi mchungu.

Ummkulthum alimfuata Sumaiya gofuni mara nyingi. Alitukanwa, alirushiwa mchanga, siku nyengine alikimbiwa tu. Hata mwaka jana, Sumaiya mwenyewe akaja Jambiani, mwembamba kama ufito, akasema, "Da Kulthum, nimechoka." Akapokewa. Mamaake, Bi Wanu, alimshika Ummkulthum mkono akamwambia, "Nakukabidhi mwanangu."

Sasa zilikuwa siku za vunjajungu, Ramadhani iko mlangoni. Asubuhi kitanda cha Sumaiya kilikutwa kimetandikwa, mwenyewe hayumo. Buibui lake halikuwepo pia. Kila mmoja nyumbani alikuwa akijua mtu huenda wapi akiondoka bila kuaga.

Ummkulthum akapanda gari la kwanza la mjini. Alipofika nje ya gofu, akampigia Machano.

"Naingia maskani kumtafuta Sumaiya. Usiikate simu."

"Ningoje nije."

"Siwezi kungoja."

"Haya, ingia. Nnakusikiliza."

Ndani harufu ilikuwa ile ile, na mwili wake ukaikumbuka kabla ya akili. Mate yakamjaa kinywani. Mtu aliyejikunyata ukutani akainua kichwa, akamtambua.

"Sumaiya hajafika hapa," alisema. "Lakini wewe umefika. Kaa basi, Kulthum. Nafasi yako ipo."

Sikioni, Machano akasema taratibu, "Ushasikia kuwa hayupo. Geuka. Toka nje."

Akageuka, akatoka, akaegemea ukuta wa barabarani mpaka pumzi zikamrudia. Kisha akamwambia Machano amebakiwa na kazi moja, nayo ni nzito kuliko hiyo: kwenda kumwambia Bi Wanu kuwa amana yake imepotea.

Alipanda ngazi za ghorofa la Michenzani alikokaa Bi Wanu, akiyapanga maneno, na kila alilolipanga lilimponyoka. Akapiga hodi. Bi Wanu akafungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatweta hivyo, mwanangu?"

Kabla hajajibu, akamwona Sumaiya nyuma ya mamaake, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi.

Ummkulthum akaketi pale pale kizingitini akalia, akacheka, akalia tena.

"Nimekuja kumtaka mama radhi kabla ya mfungo," alisema Sumaiya, sauti chini. "Ningekuaga, ungetaka kunisindikiza. Nilitaka nije kwa miguu yangu."

"Umenitia kiwewe."

"Najua. Nisamehe."

"Radhi nshampa," alidakia Bi Wanu, "na kabla hajamaliza kuziomba. Inuka wewe, ule."

Si kila kitu kilitengenea siku ile. Msabah, kaka wa Sumaiya, alipita sebuleni akawasalimia wote isipokuwa dadaake. Sumaiya aliinamisha uso, kisha akaendelea kula. Na alikula hasa, wali wa nazi na samaki wa kukaanga, hata mamaake akabaki kumtazama tu, mkono umeshika upawa.

Simu ya Ummkulthum ikalia. Alikuwa Machano.

"Umempata?"

"Nimempata. Yuko kwao, anakwangua ukoko."

Machano akashusha pumzi ndefu, kisha, "Alhamdulillahi." Akajikohoza. "Basi mwambie aniwekee na mimi."