Udongo wa Kitovu, Nyuma ya Pompa

Kati ya Kolwezi na Kasaji, ukisikia tangi la mafuta limetolewa ardhini na hakuna aliyeungua, jua mi nilikuwa pale. Nasema bila haya. Shule niliiacha primaire, cheti sina, lakini leo nina lori langu, nina palani yangu ya kuinua vitu vizito, na mainjinia wananiita patron. Wanakuja na mashine zao za kupima udongo. Mi bado napima na chupa, na kipimo cha kwanza cha maisha yangu nilimpimia mama mmoja siku alipoondolewa mjini.

Hakunizaa. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye alizaliwa hapa hapa mtaa wa Manika, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya pompa ya mafuta. Niliingia Kolwezi kijana mdogo, kwa miguu, sina mtu. Akanikuta nimeegemea ukuta wake, akaniita ndani nile bukari na majani ya sombe. Tangu siku ile sikula tena kwa mtu mwingine.

Kisha mgodi ukaanguka. Mishahara ikakatika, maduka yakaporwa, na pompa nayo wakaing'oa hadi mpira wake. Baada ya njaa yakaja maneno: batu ba Kasai barudi kwabo. Mama akauliza kwabo ni wapi. Waliovunja mlango wake hawakungoja jibu. Akaenda kukaa stesheni na umati wa wenzake, chini ya shuka zilizofungwa juu ya mizigo, wakingoja gari la moshi. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa mwisho, hajaanza kutembea.

Mi wakati huo nilikuwa na kazi, wanaume wazima wakiwa wamekaa tu. Mwenye pompa alikuwa ameliuza tangi lake kwa mtu wa Lubudi, na aliyejua kulitoa ni mimi, niliyeshinda na mafuta ya matangi kila siku. Unachimba pande zote, unalijaza maji hadi hewa ya mafuta itoke yote, unayamwaga, ndipo unalivuta. Lakini lile halikukubali kujaa. Tulimwaga maji, tukamwaga, yakawa yanakwenda chini tu. Kutu ilikuwa imelitoboa, tukaliacha wazi hewa itoke yenyewe polepole.

Siku iliyofuata nilimpelekea mama chakula. Akanishika mkono.

"Mwanangu, kitovu ya huyu mutoto iko kule, chini ya mupapai. Uniletee udongo ya pale, kopo moja tu. Nitaimwaga kule banatupeleka."

Kwetu kitovu cha mtoto kikianguka kinazikwa nyuma ya nyumba, na hapo ndipo pake hata akizeeka. Mtoto huyu alikuwa anaondolewa pake kabla hajapakanyaga.

"Mama, usiogope. Mi njo fundi wa udongo."

"We fundi wa kukula," akasema, na akina mama wa karibu wakacheka. "Enda mbio. Gari ikifika haitangojea fundi."

Nilikwenda mbio. Mpapai ulikuwa umesimama kati ya shimo langu na nyumba, majani yamekuwa njano. Sisi sote tulidhani ni jua la kiangazi. Nilipochimba, harufu ya mazuti, mafuta ya dizeli ya pompa, ikanipanda puani. Nikatia udongo kidogo kwenye chupa, nikaongeza maji, nikatikisa, nikaiweka juani. Udongo ukashuka, juu ukabaki utando wenye rangi nyingi kama shingo ya njiwa. Nikasogea mbali na shimo, nikapima. Utando. Nikasogea tena. Maji yalitulia bila kitu mlangoni tu, pale mama alipozoea kukaa akitwanga sombe.

Gari likapiga honi upande wa stesheni. Nikajaza makopo mawili ya maziwa, la mpapai na la mlangoni, nikakimbia. Kumpa lile safi tu na kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini mi kazi yangu sijawahi kuidanganya, na yeye ndiye wa mwisho ambaye ningemdanganya.

Nilimkuta ameshapanda, amebanwa mlangoni mwa behewa, mtoto amelala.

"Mama, hii njo ya kitovu, lakini imekunywa mazuti, hata majani haitaota. Hii ingine ni ya mulangoni. Iko safi, nimeipima mi mwenyewe."

Akatia vidole kwenye la kwanza, akanusa, akafumba macho.

"Ya mulangoni ni ya bote benye balipita na biatu byabo," akasema. "Hata bale bamenivunjia. Unipe ya mutoto."

"Mama, haitaotesha kitu!"

"Nani alikuambia ninaenda kupanda mahindi?" Akalifunga kopo kwenye pembe ya kitambaa chake, akakaza fundo kwa meno. "Kule Kasai bakimuuliza ametoka wapi, banuse."

Mama mmoja nyuma yake alicheka huku analia. Gari likaanza kusogea, nami nikatembea pembeni yake. Akanyoosha mkono, akanishika shavu kwa vidole vyenye ule udongo.

"Na we unanuka hivi hivi, siku zote. Mutoto atakujua."

Nikakimbia mpaka njia ya kando ya reli ikaisha.

Nilirudi na kopo la udongo safi mkononi. Nikaumwaga pale pale mlangoni, nikaukandamiza kwa kiganja ukae sawa, siyo kwa kiatu. Kisha nikashuka shimoni kulitoa tangi.